Je, wajua kwa nini wanaume wa Kusini mwa Tanzania hawamtazami mwanamke kwa jicho moja na wa makabila mengine, na kama kabila peke yake linatosha kueleza hilo?

Kijana wa Kimakonde wa zamani akioa, aliyefunga virago alikuwa yeye. Alihamia kwa mkewe, akalima shamba la ukweni, huku wakwe wakimpima kwa jembe lake. Watoto walihesabiwa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yao alikuwa mjomba. Wamwera, Wayao na Wamakua nao walifuata ukoo wa mama. Sasa mlinganishe na kijana wa Kichaga wa Kilimanjaro anayemleta mke kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha baba yake. Aliye ugenini na aliye kwao hawawezi kumwona mke sawasawa.

Ila tusidhani kwamba akina mama ndio waliotawala. Mjomba ni mwanaume. Mtu yuleyule aliyekaa kwa adabu ukweni alikuwa na sauti kubwa akirudi kwa dada yake, na hapo ndipo ninapoona kwamba kabila peke yake halitoshi kueleza mawazo ya mtu.

Ikaja mikorosho. Muhogo unang'olewa na ardhi inabaki ya ukoo, lakini mkorosho unaishi miaka mingi, na aliyeupanda anajulikana. Baba aliyepalilia na kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho, akaanza kuuliza: kwa nini mti wangu waurithi wapwa, wanangu wapo? Uislamu ukampa hoja, maana unawapa watoto fungu katika mali ya baba, binti akipata nusu ya fungu la kaka yake. Waliokwenda umanamba, yaani kibarua cha mkataba, kwenye mashamba ya mkonge walirudi na fedha ambazo mjomba hakuzitafuta. Baba akapanda hadhi, na mara nyingi mabinti waliokuwa na haki katika ardhi ya mama zao wakajikuta pembeni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, ila nyumbani anayegawa bado ni mzee.

Mzee mmoja jirani yetu Newala aliwagawia mikorosho wanawe wa kiume tu. Kisha akaugua misimu miwili. Wavulana walikuwa Dar. Binti yake ndiye aliyebeba mashine ya kupulizia, kanga imefungwa puani, nywele zimegeuka njano kwa salfa. Alipopona, mzee alimwita mwenyekiti wa kitongoji, wakatembea shambani mti kwa mti, akagawa upya.