Maneno ya daktari wa saratani: maswali ya vijana na wazazi wao

Mwanangu kaambiwa afanyiwe baiopsi. Jirani anasema uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Kweli?
Baiopsi ni kutoa kipande kidogo cha uvimbe kikatazamwe kwa hadubini. Saratani kusambaa kwa sababu ya kipimo hiki ni nadra mno. Kuchelewa ndiko kunakoipa nafasi. Limfoma ya Burkitt, saratani inayokua upesi, kwa mfano, huvimbisha taya la mtoto hata watu wakahangaika na jino.

"Hatua ya 3" ndiyo kusema hana siku nyingi?
Hapana. Hatua hueleza ugonjwa umefika wapi mwilini. Saratani nyingi za watoto husikia dawa vizuri, kwa hiyo usimpimie mwanao kwa yaliyompata shangazi yake.

Kemo inafanya nini?
Ni dawa za saratani zinazoua seli zinazogawanyika haraka. Nywele nazo ni hivyo, ndiyo maana hunyonyoka, kisha huota tena. Mimi nywele hazinitishi. Kinachonitisha ni chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, ambazo mara nyingi hushuka sana wiki moja hadi mbili baada ya dozi. Homa ya nyuzi 38 wakati huo ni dharura, hata ikiwa saa nane za usiku. Usimpe dawa ya homa ukangoja boti ya asubuhi ya kwenda Dar. Mkimbize hospitali iliyo karibu, iwe Mnazi Mmoja kule Unguja au Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba, na mlangoni tu useme: "Huyu yuko kwenye kemo."

Nikichomwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, nitawadhuru wadogo zangu nyumbani?
Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Wakumbatie.

Tumeambiwa yuko kwenye rimisheni. Si amepona?
Bado. Vipimo havioni tena saratani, lakini seli chache huweza kuwa zimejificha. Saratani ya damu iliyozoeleka zaidi kwa watoto hutibiwa miaka 2 hadi 3, ilhali rimisheni huweza kuja mwezi wa kwanza tu. Mtoto anacheza, anataka skuli, nauli ya kwenda Dar imekwisha: hapo kishawishi cha kuacha dawa kinakuwa kikubwa. Nauli ikikwama, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla tarehe haijapita.

Nina miaka 19. Nitaweza kupata watoto?
Inategemea dawa, kiasi chake na mahali mionzi inapopigwa. Uliza kabla ya dozi ya kwanza, maana wapo wanaoweza kuhifadhiwa mbegu mapema. Ukiona haya mbele ya mama, mwombe daktari muongee wawili.