"Kwa Hivyo Huyu ni Wewe?" Dhana Potofu Kuhusu Mwandishi na Riwaya Yake

Nenda uzinduzi wowote wa riwaya hapa Nairobi, au simama kando ya meza ya mwandishi kwenye maonyesho ya vitabu pale Sarit, na swali hili halitakosa: kwa hivyo huyu mhusika ni wewe? Miongozo ya riwaya za shule tunayonunua mjini imetuzoesha hivyo. Inaanza na maisha ya mwandishi, inafuata maudhui, kisha wahusika, na mwanafunzi anaingia mtihanini akiamini kwamba ukurasa ule wa kwanza ndio ufunguo wa zote zilizobaki. Sikatai kwamba maisha ya mtu huingia kitabuni. Yanaingia sana, ila mara nyingi hayako mahali tunapoyatafuta.

Dhana: Mhusika mkuu ni mwandishi aliyejibadilisha jina

Waliosoma *Siku Njema* (1996) shuleni wengi walimaliza wakidhani Kongowea Mswahili ndiye Ken Walibora. Kongowea ni mtoto wa Tanga, mama yake mwimbaji wa taarab. Walibora ni mtu wa magharibi mwa Kenya, aliyekulia Cherang'any. Lakini tazama safari ya Kongowea ya kumtafuta baba yake inaelekea wapi: Kitale. Mwandishi alimtoa kijana mbali, pwani ya Tanzania, akamleta hadi eneo alilolijua yeye tangu utotoni. Mimi ningeanza kumtafuta Walibora hapo, kwenye mashamba ya Trans Nzoia, kabla ya kumtafuta kwenye machozi ya Kongowea.

Ngũgĩ wa Thiong'o anatupa mfano mzito zaidi. *A Grain of Wheat* (1967), aliyoiandika akisoma Leeds, Uingereza, inamhusu Mugo, mkulima mpweke ambaye kijiji kinamwona shujaa ilhali ndiye aliyemsaliti Kihika, mpigania uhuru. Ukimsaka Ngũgĩ ndani ya Mugo utachoka bure. Miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza, Ngũgĩ alikuwa mvulana wa shule. Aliyeingia msituni ni kaka yake, Wallace. Yaliyompata nyumbani kwao yamo kwa mhusika wa pembeni kabisa, kijana kiziwi aitwaye Gitogo. Askari anamwamuru asimame, yeye hasikii, anapigwa risasi. Kisa hakimalizi hata ukurasa. Ndipo mwaka 2010, katika kumbukumbu zake za utotoni, Ngũgĩ akaeleza kwamba alikuwa na kaka wa kambo kiziwi, jina lake Gitogo, aliyeuawa namna hiyohiyo.

Jina hakuligusa. Alichobadilisha ni familia. Gitogo wa kweli alitoka kwenye boma la wake wanne na watoto zaidi ya 20, ila yule wa riwaya ni mwana wa pekee wa kikongwe maskini. Na mabadiliko hayo yana kazi. Kwa kuwa mama huyo hana mwingine duniani, anaanza kuamini kwamba mwanawe amerudi, na anayemdhania kuwa ndiye ni Mugo. Basi msaliti anajikuta akitazamwa kwa macho ya mama aliyefiwa, na hapo dhamiri yake inazidi kumla. Boma lenye watoto 20 lisingezaa tukio hilo. Mwandishi alichukua msiba wa kwao, akaukata pale ambapo hadithi ilihitaji ukatwe. Msomaji aliyekazana kumhoji Mugo ameupita msiba wenyewe mwanzoni mwa kitabu bila kuuona.

Wala kosa hili si la wanafunzi peke yao. *Matigari* ilipotoka kwa Kikuyu mwaka 1986, Ngũgĩ akiwa uhamishoni, watu wa kati mwa Kenya walianza kunong'onezana habari za mtu aitwaye Matigari anayezunguka akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, ilitoka amri mtu huyo akamatwe. Polisi walipogundua kwamba anaishi ndani ya kitabu tu, Februari 1987 wakaingia kwenye maduka ya vitabu na kukamata nakala.

Dhana: Jambo zito likimpata mwandishi, litatoka kwenye riwaya inayofuata kama lilivyotokea

Ngũgĩ alikamatwa siku ya mwisho ya 1977 akapelekwa gereza la Kamiti, huku kwetu upande wa Kahawa West. Humo aliandika riwaya ya Kikuyu, *Caitaani Mũtharaba-inĩ* (Shetani Msalabani), kwenye karatasi za chooni. Fungua kitabu hicho uone kama utakutana na maisha ya selo. Utakutana na Warĩĩnga, msichana aliyepoteza kazi Nairobi kwa kumkatalia bosi, akafukuzwa na mwenye nyumba, akapanda matatu ya Mwaũra kurudi Ilmorog. Mtu aliyefungiwa kwenye chumba asichoweza kutoka alijaza karatasi zake na barabara, abiria na mabishano ya safarini. Alipotaka kusema kuhusu jela yenyewe, aliandika kitabu kingine, *Detained* (1981), ambacho si riwaya.

Wengine huchukua muda mrefu sana. Adam Shafi alifungwa Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Karume wa Zanzibar mwaka 1972. *Haini*, riwaya inayotokana na siku hizo, ilichapishwa 2003. Na wakati mwingine mpangilio unageuka kabisa. Nimewahi kusikia mtu akidai kwamba hasira iliyomo katika *Mafuta* ya Katama Mkangi ilitokana na kuwekwa kizuizini. Riwaya ni ya 1984. Alikamatwa 1986. Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na hakuhitaji pingu ili aone nani ananenepa na nani anakonda.

Dhana: Huwezi kuandika vizuri usichokiishi

Ushauri huu wanapewa vijana wote wanaoanza kuandika, na umewafungia wengi ndani ya vyumba vyao wenyewe.

Paulina wa *Coming to Birth* (1986) anafika Nairobi kwa treni kutoka Kisumu mwaka 1956, ana miaka 16, ameolewa na Martin, hajui mji wala lugha yake. Anapotoka hospitalini anapotea njia, na mji uliojaa askari na vipande (vitambulisho vya wakati wa ukoloni) unammeza. Ni mojawapo ya picha bora za Nairobi ya wakati ule. Aliyeiandika ni Marjorie Oludhe Macgoye, mzaliwa wa Southampton, Uingereza, aliyekuja Kenya 1954 kufanya kazi ya kuuza vitabu. Hakuwa Paulina hata kwa mbali. Alichokuwa nacho ni zaidi ya miaka 20 ndani ya ukoo wa Kijaluo alikoolewa, na sikio la mtu asiyedharau hadithi za wanawake wenzake. Yeye mwenyewe alifika mji huu akiwa mgeni, na nadhani ugeni huo ulimsaidia: wenyeji tumeshazoea kona zetu kiasi kwamba hatuwezi kupotea vizuri.

Meja Mwangi naye alituandikia vibarua wa ujenzi na pombe zao katika *Going Down River Road* (1976) kwa ukaribu mno hadi watu wakaapa kwamba alibeba zege. Kazi zake Nairobi zilikuwa katika shirika la utangazaji la Ufaransa na British Council.

Dhana: Ikisimuliwa kwa "mimi", ni ungamo

John Kiriamiti alifungwa kweli kwa ujambazi mwaka 1971, na *My Life in Crime* (1984) imejengwa juu ya maisha hayo. Lakini mwaka 1989 alitoa *Milly's Story*, na humo "mimi" ni mpenzi wake. Ni mwanamume yuleyule, kalamu ileile.

Dhana: Ukibadilisha majina umemaliza

Hii huwaponza hasa wanaoandika kuhusu jamaa zao au bosi wa zamani. Sheria ya kuharibiana jina haiulizi kama jina limebadilishwa. Inauliza kama wanaomfahamu mtu huyo, wakisoma, watamtambua. Kuna kesi maarufu ya Uingereza, mwanzoni mwa karne iliyopita: gazeti lilichapisha kichekesho kuhusu mtu wa kubuni, Artemus Jones, aliyeonekana Ufaransa na mwanamke asiye mke wake. Akajitokeza wakili wa jina hilohilo, akashtaki, akalipwa pauni 1,750, ingawa gazeti lilishikilia kuwa jina lilikuwa la kubuni. Kenya tulirithi msingi huo. Sheria yetu, Sura ya 36, inampa aliyechapisha bila kukusudia nafasi ya kuomba radhi na kurekebisha, lakini mwandishi aliyemchora shangazi yake hadi pengo la jino hawezi kusema hakukusudia. Mhariri makini atakuuliza kwanza mhusika anafanya kazi gani, anakaa mtaa gani, gari lake ni la rangi gani na ana watoto wangapi. Suala la jina atalifikia mwisho.