Shufaa si shifaa

Juzi barazani Ngamiani, mzee wetu mmoja alimwambia jirani mwenye mama anayeugua saratani: "Hiyo tiba shifaa walishaijaribu Ulaya, haiponyeshi mtu." Jirani akainamia kikombe chake cha kahawa, hakunywa tena. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno.

Tiba shufaa ni huduma ya kumpunguzia mwenye maradhi mazito maumivu, kubanwa pumzi na hofu, na kuwasaidia wanaomuuguza. Huweza kuanza mapema, sambamba na matibabu mengine.

Neno lenyewe ndilo linaloniuma. Shifaa ni kupona. Ndiyo tunayomwombea mgonjwa. Shufaa ni uombezi, mtu kusimama upande wa mwenzake. Ziandike kwa Kiarabu utaona: shufaa ina herufi ain, shifaa haina. Mizizi ni miwili mbalimbali. Shufaa ni ndugu wa shufwa, ile tunayoisali kabla ya witiri, ile ya namba shufwa darasani: kilichokuwa kimoja kimepata cha pili. Mgonjwa aliyepata shufaa huenda hajapona, lakini hayuko peke yake.

Ukikosea irabu hiyo, na utafiti utausoma kombo. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya Boston, Marekani, ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha sambaa. Waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likaongezewa tiba shufaa mapema. Kipimo kikuu kilikuwa hali ya maisha yao baada ya wiki 12. Kupona hakukupimwa. Waliopata shufaa walikuwa na hali bora, na nusu yao walivuka miezi 11.6, kwa wenzao ilikuwa 8.9.

Wapo wanaoirukia hiyo miezi, wakatangaza kwamba shufaa hurefusha maisha. Nao nawaomba watulie. Huo ni utafiti mmoja, wa hospitali moja, wa saratani ya aina moja. Tena kufikia wiki ya 12 wagonjwa 27 walikwisha fariki, na waliojaza maswali ni 107. Katika tafiti za namna hii, aliye hoi mara nyingi hashiki kalamu, kwa hiyo tuulize pia habari za wasiojibu.

Mzee wangu, shikamoo. Ni shufaa, kwa u. Na jirani akirudi barazani, usimwambie haiponyeshi. Muulize kama mama jana alipata usingizi.