Hakuna anayejaza maji ya mgongo

Jumanne mama mmoja kutoka Kongwa alinisubiri amelala kwenye benchi la kliniki, kichwa kwenye paja la binti yake, chupa ya maji ya bamia pembeni. "Daktari, maji ya mgongo yameniishia. Nimekuja uniongezee." Ni wa nne mwezi huu.

Tuelewane. Maji ya ubongo na uti wa mgongo hayaishi kama petroli. Mtu mzima anayo kama mililita 150, na ubongo hutengeneza karibu nusu lita kila siku, unywe bamia usinywe. Yakipungua, kuna mahali yanavuja, mara nyingi ni dura, utando unaoyazunguka, umetoboka. Hata ningekuwa nayo ndoo nzima ya kukumiminia, yangetokea palepale.

Kwa hiyo upasuaji ni kuziba, siyo kujaza. Kuna wanaotobolewa na kijino cha mfupa kilichoota kwenye pingili za kifuani, kikali kama mwiba wa mgunga. Hapo natoa kipande cha mfupa wa nyuma, nakichonga kijino, nashona tundu chini ya darubini kwa uzi mwembamba, juu yake kipande cha mafuta au msuli na gundi ya fibrini. Wengine maji huvujia moja kwa moja kwenye vena, mshipa wa damu. Hiyo ni fistula (siyo ile ya uzazi, tulieni), na ilielezwa mara ya kwanza 2014 tu. Dawa yake ni kuufunga ule mshipa. Bila MRI na siti skani yenye dawa ya mgongoni kunionyesha mahali penyewe, sikati mtu.

Mkanganyiko unakotoka nakujua. Mtu anapigwa eksirei ya kiuno, anaambiwa "pingili zimekauka maji". Hayo ni maji ya ndani ya diski, jambo jingine kabisa, na eksirei haionyeshi maji ya uti hata tone. Iacheni nyumbani. Nileteeni dakika: umesimama muda gani kichwa kikaanza kuuma, umelala muda gani kikaacha. Yule mama alisafiri amejinyoosha kiti cha nyuma cha basi bila maumivu, akafika dirisha la malipo akashindwa kusimama. Hilo lilinisaidia kuliko bahasha yote ya picha. Bamia nikamwambia akapikie mlenda.

Mengine haraka. "Mgongo ukiguswa, umepooza": hatari ipo na nitakueleza kabla hujasaini, ila wengi wanaoingia kwa miguu hutoka kwa miguu. Na wengi hawafiki huko. Tunaanza na kiraka cha damu, kama mililita 20 za mkononi mwako mwenyewe, zinazochomwa nje ya dura, siyo ndani ya uti. Kina mama waliotobolewa na sindano ya ganzi ya mgongo wakati wa kujifungua, maumivu ya kichwa mara nyingi huisha yenyewe ndani ya wiki 2.

"Kichwa kimeuma baada ya upasuaji, basi imeshindikana." Siyo lazima. Tundu likizibwa, presha ya maji inaweza kupanda kwa muda, na sasa kichwa huuma ukilala, kinyume cha mwanzo. Vidonge vya asetazolamidi vipo. Nipigie simu.

Nisichosamehe ni ndoo. Kwa wagonjwa wangu ni wiki 6 bila kubeba kichwani, bila kuinama kufua. Binti wa Kongwa nimeshamwambia: mama akipasuliwa, foleni ya bombani ni yako.