Je, wajua kwa nini kibanda kizima hunyamaza polisi anapoanza kuhoji?

Pita karibu na kibanda chochote cha video mjini Kampala siku inapooneshwa filamu ya mapigano. Kelele utazisikia toka barabarani. Watu wanashangilia risasi, wanamwonya shujaa ageuke, na VJ anapaza sauti kwenye maikrofoni kuwazidi wote. Kwa asiyemjua, VJ ndiye mfasiri wetu wa filamu za kigeni hapa Uganda. Huzifasiri filamu kwa mdomo, mara nyingi kwa Kiluganda, akiongeza maelezo na utani wake mwenyewe.

Sasa badilisha filamu. Weka chumba kitupu chenye meza moja na viti viwili, mpelelezi huku, mshukiwa kule. Hakuna anayekimbia wala damu inayomwagika, lakini kibanda kinanyamaza mpaka unaisikia jenereta ikinguruma nje.

Nimeyaona hayo mara nyingi huku Kisenyi. Jumamosi moja filamu iliishia pale mshukiwa alipoinamisha kichwa na kusema ndiye aliyeua. Watu wakapiga makofi. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa ameketi mzee mmoja aliyestaafu upolisi, sote tunamwita Afande. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Amekiri mbele ya nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi mwenyewe sikulielewa swali lile, na ilinichukua muda kuona kwamba ndilo lenye ufunguo wa filamu hizi za upelelezi.

Lakini tuanze na ule ukimya. Baada ya mapinduzi ya Urusi, mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usioonyesha lolote. Akaiunganisha na picha ya sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mtoto anayecheza. Mwenzake Vsevolod Pudovkin ameeleza kwamba watazamaji waliusifu sana uigizaji ule: mbele ya supu walimwona amezama katika mawazo, mbele ya jeneza walimwona ana majonzi, mbele ya mtoto walimwona anatabasamu kwa furaha. Kumbe uso ulikuwa ule ule. Hisia zilitoka kwao wenyewe.

Sasa ondoa supu, uweke kisu ndani ya mfuko wa ushahidi. Uso ule ule utakuwa uso wa muuaji. Ondoa kisu, uweke kiatu cha mwanawe aliyepotea, nao utakuwa uso wa baba aliyevunjika moyo. Mwongozaji anayejua kazi yake hamwambii mwigizaji aonyeshe hatia. Humwambia atulie, kisha anatuachia sisi tuijaze hatia hiyo. Ndiyo maana tunanyamaza. Kwenye mapigano sisi ni washangiliaji, lakini kwenye meza ya mahojiano tumepewa kazi. Tunatafuta kope iliyotetemeka, tone la jasho, kidole kinachogonga ukingo wa kikombe, na kila mmoja ana hakika kwamba yeye amekwisha mng'amua.

Hakika hiyo haina msingi. Mwaka 2006 watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya majaribio mengi yaliyohusisha watu zaidi ya 24,000 waliotakiwa kumtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza tu. Kwa wastani walipatia mara 54 katika kila 100. Ukirusha sarafu utapatia 50. Jasho si ushahidi. Mtu asiye na hatia akikalishwa mbele ya polisi naye hutokwa jasho, koo humkauka, na kauli zake hugongana kwa sababu anaogopa.

Hapa Uganda kuna jambo jingine ambalo sijaliona likiandikwa vya kutosha. VJ wa mtaani kwetu, mpelelezi anapofungua mdomo, huacha Kiluganda na kuingia Kiswahili: "Wewe! Ulikuwa wapi usiku ule?" Mshukiwa hujibu kwa Kiluganda, akijikunyata. Kwa lugha mbili tu VJ amekwisha chora nani ana nguvu na nani hana. Watazamaji wanaelewa mara moja, kwa kuwa kwa miaka mingi Kiswahili nchini mwetu kilijulikana kama lugha ya kambini, ya vizuizi vya barabarani, ya mtu mwenye bunduki. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na sisi tunaokitumia sokoni, msikitini na kubembelezea watoto tunajua kina maisha mengine kabisa. Hata hivyo, katika kibanda kile, Kiswahili kikitoka kwenye spika huku taa ikimmulika mshukiwa, mgongo wa mtu unasisimka. Mimi pia husisimka, ingawa ni lugha ya mama yangu.

Tena VJ hufanya lile lile la Kuleshov, kwa sauti. Mshukiwa akinyamaza sekunde tano, VJ hawezi kuuacha ukimya ule, basi anasema, "Tazameni, anapanga uongo!" Tangu hapo kibanda chote kinaona mwongo. Nimewahi kuitazama filamu moja mara mbili, kwa VJ wawili tofauti, nikatoka na washukiwa wawili tofauti.

Ndiyo sababu filamu za upelelezi naziamulia hivi: nazitazama mara ya pili, muuaji nikiwa tayari namjua. Filamu hafifu hufa hapo hapo. Unakuta mwandishi alikuficha jambo ambalo hukuwa na njia ya kulijua, kama pacha ambaye hakutajwa, au barua iliyoletwa dakika ya mwisho. Hiyo ni sadfa tu iliyotumwa kuokoa hadithi. Filamu nzuri huzidi kuwa tamu, maana kila kitu kilikuwa mezani tangu mwanzo, nawe ulikitazama ukakisoma vibaya. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika filamu nzuri kata ilikuwa mkononi mwako muda wote. Anayeisimulia kwa wenzake naye awe na adabu: aeleze taharuki inavyojengwa, nani anajua nini na lini, bila kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Si lazima siri ifichuliwe. Filamu ya Uganda iliyojulikana zaidi mtandaoni, iliyotengenezwa Wakaliga mwaka 2010 na Nabwana Isaac, ina jina ambalo lenyewe ni swali la mpelelezi: Who Killed Captain Alex? Yaani, nani alimuua Kapteni Alex? Filamu inakwisha bila kujibu. Watu waliipenda kwa vurugu na vichekesho vyake, ila mimi swali lile halikuniacha.

Nirudi kwa Afande. Katika filamu nyingi, mahojiano ni barabara inayokwenda kwenye kukiri, na akishakiri mtu, hadithi imefika. Mtindo huo una asili yake. Miaka ya katikati ya karne iliyopita, John Reid wa Chicago alieneza njia ya kuhoji ambayo polisi wengi wa Marekani waliifuata: chumba kidogo kisicho na cha kupumbaza macho, mpelelezi anayeanza kwa kutangaza kwamba hatia imekwisha thibitika, anayemkatiza mshukiwa kila akikana, kisha anamfungulia kijia cha huruma, "najua hukukusudia." Faili nene huwekwa mezani, hata kama ndani yake hamna kitu. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba polisi kumdanganya mshukiwa kuhusu ushahidi peke yake hakubatilishi kukiri kwake. Kwenye sinema njia hiyo inavutia mno. Katika maisha imeangamiza watu. Na hata mahali isipotumika, kukiri kwa kubanwa kumefanya maangamizi yale yale. Uingereza, wanaume sita walihukumiwa mwaka 1975 kwa mabomu ya Birmingham, wanne wao wakiwa wametia saini maelezo ya kukiri. Waliachiwa mwaka 1991, baada ya kukaa gerezani miaka 16 kwa jambo ambalo hawakulifanya. Baada ya kesi kama hizo polisi wa huko walibadili mbinu: mpelelezi akusanye habari kwanza, asiwinde ungamo.

Nilipomuuliza Afande alikusudia nini, alinieleza kwa upole, kama anayemweleza mjukuu. Sheria ya ushahidi ya Uganda haipokei kukiri kulikofanywa mbele ya askari yeyote tu. Ni lazima kuwe mbele ya polisi mwenye cheo cha Mkaguzi Msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu. Katiba ya 1995 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na inakataza mateso pasipo udhuru wowote. Mshtakiwa akisema mahakamani kwamba alilazimishwa, jaji husimamisha kesi kubwa na kuendesha kesi ndani ya kesi, kusikiliza jinsi maneno yale yalivyopatikana. Tangu uamuzi wa kesi ya Tuwamoi wa 1967, uliotolewa na mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki, majaji wetu wanajua kwamba ungamo lililokanwa hupokelewa kwa tahadhari kubwa.

Kwa maana hiyo, pale sisi tulipopiga makofi, Afande aliona kazi ndiyo kwanza inaanza.

Alisema pia jambo ambalo limebadili namna ninavyotazama. Wakati wote wa mahojiano yeye hamtazami mshukiwa usoni. Anaitazama kalamu. Nani anaandika? Anaandika kwa lugha aliyoitumia mshukiwa, kama inavyotakiwa, au anaitafsiri kichwani? Akimaliza, anamsomea? Nikamkumbuka yule VJ wetu, mpelelezi wake wa Kiswahili na mshukiwa wake wa Kiluganda, nikaona kwamba maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mshukiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa, yangekuja kuandikwa kwa Kiingereza.

Wiki iliyofuata tuliketi pamoja karibu na mlango. Filamu ilikuwa nzuri na mshukiwa alikuwa kijana mwenye macho mazito. Mwishoni alisukumiwa karatasi, akatia saini bila kuinua kichwa. VJ akatangaza ushindi, makofi yakaanza. Sikupiga. Nilikuwa naiangalia karatasi, imegeuzwa kuelekea kwa mpelelezi, na maandishi yake kijana yule ameyaona juu chini.

"Hakusomewa," nikasema.

Afande akaitikia kwa kichwa taratibu, macho yake bado yako kwenye kioo.