Famasia au Maabara? Soma hii kabla hujathibitisha chuo

Kila mwaka vyuo vikianza kutangaza majina ya waliochaguliwa, simu yangu haipoi. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya binti wa jirani yetu wa zamani. "Shikamoo dada. Nimechaguliwa vyuo viwili, kimoja Famasia, kingine Sayansi ya Maabara ya Tiba. Namba ya kuthibitisha imeshaingia kwenye simu na mama anasema nichukue Famasia maana ina biashara. Wewe unasemaje?"

Nikamuuliza, kabla ya hizo mbili uliomba nini? Kimya. Halafu akacheka. "MD." Yaani shahada ya udaktari.

Nilijua. Wengi wanaonitafuta hawachagui kati ya Famasia na Maabara. Wanatafuta pa kujishikiza baada ya udaktari kuwapita, na mpango wao ni ule ule: niingie kwanza, mbele ya safari nitahamia MD. Mimi ni mfamasia wa hospitali, ndoto ya mtu siigombi, ila hesabu lazima tuifanye. Famasia ni miaka 4 darasani, mwaka 1 wa utarajali (kufanya kazi chini ya usimamizi), na mtihani wa Baraza la Famasia ndipo usajiliwe. MD ni miaka 5 na utarajali wake. Ukihama, kwa kawaida unaanza mwaka wa kwanza upya na wadogo zako. Kama roho yako iko MD kweli kweli, bora urudie mtihani wa kidato cha sita sasa.

Haya, tuseme udaktari umeuweka pembeni. Tofauti ya hizi kozi mbili huioni mwaka wa kwanza, maana kote utakutana na anatomia, fiziolojia na biokemia, na kote watu wanakula sapu, yaani kurudia mitihani waliyofeli. Iangalie kazini. Mchukue mgonjwa wa malaria.

Mtu wa maabara anapaka damu yake kwenye kioo, anaitia rangi ya Giemsa, anadondosha tone la mafuta na kuinamia hadubini kuhesabu vimelea. Swali lake ni moja: humu kuna nini, na je, niamini ninachokiona? Hilo la pili ndilo linalomtofautisha na mashine. Damu ikivutwa vibaya au ikitikiswa njiani, chembe nyekundu zinapasuka na potasiamu inasomeka juu wakati mgonjwa hana tatizo lolote. Asiposhtuka, daktari atatibu ugonjwa ambao haupo. Ndiyo maana asubuhi, kabla ya sampuli ya kwanza, anapima sampuli za udhibiti, ambazo majibu yake yanajulikana tayari, na kuandika joto la friji. Ni kazi ya watu wenye wivu na ukweli. Usipokuwa na subira ya kurudia kitu kile kile kwa umakini ule ule, itakuchosha.

Sasa mgonjwa kaja dirishani kwangu na karatasi ya dawa mseto. Mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara sita kwa siku tatu, na dozi ya pili ni baada ya saa 8, si kesho asubuhi. Lakini maelezo hayo hata boksi linayo. Lisilosomwa na wengi ni kwamba lumefantrine, moja ya dawa mbili zilizomo, haipendi maji. Ukiimeza na chakula chenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kufika mara 16 ya kile cha tumbo tupu. Aliyemeza na chai ya rangi atarudi baada ya wiki akilalamika kauziwa dawa feki.

Hapo umeona Famasia ilivyo: ni kemia iliyovaa koti jeupe. Kama oganiki ya kidato cha tano ilikutesa na ulipita kwa kukariri, jua inakusubiri tena kwenye kemia ya dawa, na safari hii haina huruma. Nimeona wenzangu wenye A ya biolojia wakidisko, yaani kuondolewa chuoni, kwa sababu hiyo.

Kuhusu biashara, mama wa watu si mjinga. Famasi haifunguliwi bila mfamasia msimamizi, tofauti na maduka ya dawa muhimu yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, ambayo yanaendeshwa na watoa dawa waliopewa mafunzo. Ila usajili si mtaji. Wengi wasio na mtaji wanaishia kupangisha cheti: kinaning'inia ukutani Mwanza, mwenyewe yuko Dodoma, kila mwezi anapokea chochote. Siku wakaguzi wakikuta dawa zilizopitwa na muda, jina linaloulizwa ni la ukutani. Zaidi ya dukani kuna Bohari ya Dawa, viwanda, na TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa na vifaa tiba (wale mliowazoea kama TFDA hadi 2019). Wa maabara naye ana benki za damu, taasisi za utafiti, na maabara binafsi akipata wa kumnunulia mashine.

Cha ajabu, kazi ninayoipenda kuliko zote inatukutanisha. Nikiwa mtarajali tulikuwa na mama wodini, siku ya nne ya sindano za antibiotiki iitwayo ceftriaxone, homa haishuki. Kijana wa maabara aliyekuwa ameotesha bakteria wa kwenye mkojo wake hakusubiri kuandika ripoti, alinipigia: "Dada, hawa wadudu hiyo dawa wanaichezea tu." Tukapitia orodha ya zinazowaua, nikaangalia figo za mgonjwa, nikapiga hesabu ya dozi, tukamfuata daktari pamoja. Vita ya UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, inapiganwa hivyo. Bila yeye mimi nabahatisha.

Yule binti nilimwambia aombe kukaa asubuhi moja maabara ya hospitali ya wilaya yao, na mchana akae dirisha la dawa. Alienda. Maabara walimwonyesha kichocho kwenye hadubini, akasahau hata chakula cha mchana. Dirishani alikaa dakika ishirini.

Saa nne usiku akanitumia ujumbe: amethibitisha Maabara. Mama yake bado hajapokea simu zangu.