Unataka intanshipu ya uhariri wa vitabu vya shule? Tuanze na mandazi ya Juma

Kila mwaka ikifika mwezi wa tatu na wa nne hivi, kabla vyuo vifunge ile likizo ndefu, imeli yangu inafurika barua za watoto wa chuo wanaotafuta atachimenti, yaani mazoezi ya kazi wakiwa bado wanasoma, na wale waliomaliza wanaotafuta intanshipu. Mimi ni mhariri wa Kiswahili kwenye kampuni moja ya vitabu vya shule hapa Nairobi, mwaka wa 11 sasa, na kazi ya kuchuja hizo barua niliachiwa mimi manake hakuna mwingine aliyeitaka. Kitu cha kwanza nikuambie, na usicheke: barua nyingi za kuomba nafasi kwenye dawati la Kiswahili zinakuja kwa Kiingereza. Yaani mtu anataka nimwamini na mswada wa Kiswahili halafu kuniamkia kwa Kiswahili kumemshinda.

Sasa, kabla uandike chochote elewa hii kazi ni ya aina gani, kwa sababu wengi wanakuja wakidhani watakaa wasome hadithi siku nzima. Kitabu cha shule Kenya kinaandikwa kufuata mtaala, na mtaala unatoka KICD, ile taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, halafu kitabu kikikamilika kinarudi hapo hapo KICD kikapimwe, kikipita ndio kinaingia kwenye ile orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa wanayoiita Orange Book. Kisipopita, pesa ya mwandishi, ya mchoraji, ya mhariri, yote imekwenda na maji. Tangu mtaala wa umilisi, ule wa CBC, uanze kutumika nchi nzima 2019 tumekuwa tukikimbizana na gredi moja baada ya nyingine, mpaka Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala huo likaingia Gredi ya 10, na kila gredi mpya maana yake vitabu vipya vya kila somo pamoja na miongozo ya walimu, dedilaini ni moja kwa kampuni zote. Hapo ndipo tunapohitaji watu wa ziada. Kwa hivyo usingoje tangazo gazetini, fuatilia KICD wanaita vitabu vya gredi gani na lini, ukiona wameita, andika barua wiki hiyo hiyo.

Halafu nenda tovuti ya KICD upakue muundo wa mtaala wa gredi moja, ni bure. Utakuta jedwali: mada, mada ndogo, matokeo maalum yanayotarajiwa, shughuli za ujifunzaji, maswali dadisi. Chagua mada ndogo moja, tuseme ya kusikiliza na kuzungumza Gredi ya 4, uandike kurasa mbili za mfano kama zingekuwa kwenye kitabu, na hizo kurasa uziambatishe kwenye barua. Watu watatu tu wamewahi kunifanyia hivyo na wote watatu niliwaita, mmoja wao alikuwa na alama za chuo ambazo afisa wa rasilimali watu aliziangalia akaguna.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Sa hii nusu ya zinazokuja zimeandikwa na ChatGPT na zinajulikana kwa harufu, zote zina "shauku kubwa" na "mazingira yenye mabadiliko ya kasi", zote mwandishi ni "mtu makini anayezingatia undani", na jina la kampuni lililo ndani ni la washindani wetu. Sina shida na mtu kutumia mashine, nina shida na mtu ambaye hakusoma kilichotoka kwenye mashine kabla ya kukituma, hiyo ndio kazi tunayotaka kukupa! Na ile "yenye" ya Nairobi iache kwenye matatu. "Nafasi yenye ilitangazwa" inaumiza, andika "nafasi iliyotangazwa". Ndio najua mimi mwenyewe hapa naandika ovyo ovyo, lakini hii ni blogu, siombi kazi.

Haya, tuje kwa mtihani, manake ukipita barua utaitwa ufanye mtihani wa kuhariri, saa moja na nusu, karatasi na kalamu nyekundu, au kwenye Word ukiwa umewasha ile sehemu ya kuonyesha masahihisho. Ntakupa mfano wa ule niliotumia zamani (nimeshaubadilisha, kwa hivyo usijisumbue kuukariri). Ni kifungu cha ufahamu cha Gredi ya 3:

"Mama alimtuma Juma dukani na shilingi 50. Juma alinunua mandazi tatu, kila moja shilingi 20. Muuzaji akayatia kwenye mfuko wa plastiki. Juma alirudi nyumbani akampa mama chenji. Mama alifurahi sana."

Na chini kuna maswali manne, la mwisho linauliza: kwa nini Amina alilia?

Karibu kila mtu aliona "mandazi tatu" akaandika "mandazi matatu" na akajipigia makofi. Sawa, ni kosa na lilihitaji kusahihishwa. Wachache zaidi waliona kwamba Amina hayuko kwenye hadithi hata kidogo, hii hutokea sana mwandishi akikata aya moja na kusahau maswali yake. Mfuko wa plastiki waliuona wawili au watatu, na hapo mtu akiniambia hakuwaza basi namuuliza umeishi wapi tangu Agosti 2017, hiyo mifuko ilipigwa marufuku Kenya, na wewe unataka kumfundisha mtoto wa miaka minane mambo ya mazingira ukurasa wa 12 halafu ukurasa wa 13 umbebeshe Juma plastiki.

Lakini chenji ndio iliwamaliza. Mandazi matatu kwa shilingi 20 ni 60. Juma alikuwa na 50. Hiyo chenji ameitoa wapi? Kuna kijana mmoja, shahada ya Kiswahili, daraja ya kwanza, alisahihisha sehemu 19 kwenye ukurasa mmoja, koma, nukta, viambishi, kila kitu, na akamwacha Juma arudi nyumbani na chenji ya miujiza. Mwaka huo huo kulikuwa na dada alisahihisha sehemu sita tu, akaacha na makosa mawili ya tahajia, lakini pembeni ameandika kwa kalamu: "Pesa ya Juma haitoshi. Je, mwandishi alikusudia mandazi mawili, au mama alimpa shilingi 100? Naomba aulizwe kabla ya kubadilisha, kwa sababu mchoro unaweza kuwa tayari umechorwa na mandazi matatu." Nilisoma hiyo "mchoro unaweza kuwa tayari umechorwa" mara mbili. Huyo tulimchukua siku hiyo hiyo. Tahajia ntakufundisha ndani ya mwezi, kamusi iko mezani. Ile tabia ya kusimama na kuuliza mwenye mswada badala ya kujifanya unajua alichotaka kusema, hiyo mimi sijui naifundishaje.

Na michoro nisikudanganye, ndiyo iliyoniaibisha mimi mwenyewe nikiwa intani. Kazi ya intani mara nyingi ni kuandika maelezo kwa mchoraji, kila picha mstari mmoja au miwili. Nikaandika: "Msichana mwenye sare ya shule anapanda mti." Kichwani mwangu kulikuwa na jembe, shimo, mche, siku ya kutunza mazingira. Mchoro ukarudi, mzuri kweli, rangi safi kabisa, msichana na sweta lake la shule amekaa juu ya tawi la mwembe ananing'iniza miguu. Mchoraji hakukosea kitu. Ilibidi alipwe tena achore upya, na bosi wangu wa wakati huo akaubandika ule mchoro wa kwanza ukutani juu ya meza yangu, ukakaa hapo mpaka nilipoondoka. Tangu siku hiyo naandika "anapanda mche wa mti ardhini" hata kama sentensi inakuwa mbaya.

Mambo ya karatasi upesi upesi. Kama bado uko chuo utahitaji barua ya chuo, nakala ya kitambulisho na mara nyingi bima ya ajali, chuo kinajua utaratibu wake. CV kurasa mbili, na faili uipe jina lako, sio "cv final final 2". Pesa uliza mapema bila aibu: kuna wanaolipa posho, kuna wanaotoa nauli na chakula cha mchana tu, na kuna wasiotoa hata shilingi, na kama unatoka Rongai, kule nje ya jiji, kila asubuhi hiyo hesabu lazima uipige kabla ya kusema ndio. Ukiambiwa utume hela ya fomu kwa simu, hao ni matapeli, block. Pa kupeleka usiishie kwa wale wakubwa unaowajua pekee, ndio kuna Longhorn kule Funzi Road Industrial Area, kuna KLB (Kenya Literature Bureau) pale South C, Jomo Kenyatta Foundation, East African Educational Publishers na wengine, lakini mwezi wa Septemba maonyesho ya vitabu ya Nairobi yakifanyika zunguka vibanda vidogo vidogo, huko unakutana na mhariri mwenyewe amesimama na brosha na hana wa kuongea naye.

Kitu kingine watu hawaambiwi: kama umesoma ualimu wa fizikia, hisabati au kilimo na lugha yako imenyooka, usiogope kuomba eti kwa sababu hukusoma uchapishaji kule Chuo Kikuu cha Moi. Wa lugha tumejaa. Mtu anayeweza kuangalia mchoro wa saketi akaona betri imegeuzwa, huyo tunamtafuta mwaka mzima.

Ukishatuma ngoja wiki mbili, halafu tuma imeli moja fupi ya kukumbusha, basi. Usinipigie. Hizo wiki mbili azima kitabu cha mtoto wa jirani, kaa nacho na penseli, fanya kila zoezi na ulinganishe na majibu ya mwongozo wa mwalimu. Ukipata kosa na kitabu ni chetu, niandikie ukurasa na mstari, hiyo imeli ntaifungua kabla ya zingine zote na ntaifungua nikiwa na tumbo joto.